Ndege ya Kijana Imeanguka: Inunuliwe Ipi?



Majuma matatu yaliyopita tulipokea barua kutoka Mambrui, imeandikwa kwa mkono katika karatasi mbili za daftari la shule, na mwenyewe ametuomba tusitaje jina lake. Ni mama wa watoto wanne. Mwanawe wa pili, kijana wa miaka 15, aliletewa na mjomba wake aliyeko Maskati ndege ndogo inayoendeshwa kwa rimoti. Si ile ya kitoto ya kusukumwa sakafuni. Ni ndege khasa, yenye mota na betri, na mabawa yenye upana wa sentimita 120 kutoka ncha hadi ncha, inayopaa ikazunguka uwanja wa mpira na kurudi kutua kwenye nyasi. Kijana aliirusha kwa miezi miwili. Siku moja ya mwezi wa Julai ikaanguka.

“Sasa anataka nyingine,” ameandika mama. “Anataka ndege ya kivita iitwayo Spitfire, kwa kuwa rafiki yake amemwonyesha picha yake kwenye simu. Mjomba wake amesema yuko tayari kuinunua. Baba yake amesema hakuna ndege tena katika nyumba hii. Nami niko kati, kila mmoja ataka nimsemee kwa mwenziwe. Naomba mniambie, ninunue, nisinunue, na kama ni kununua, ipi?”

Tukiri kwamba safu hii haijazoea maswali ya namna hii. Barua zetu ni za karo, za mawifi, za mtoto asiyetaka kula na mume asiyetaka kusema. Tulitabasamu tulipoisoma mara ya kwanza, na tulipoisoma mara ya pili hatukutabasamu. Mmoja wetu ana mtoto wa nduguye aliyezama katika mchezo huu kwa miaka sita, amevunja ndege nyingi kuliko anavyopenda kuhesabu, naye alituketisha barazani jioni mbili akatufundisha kwa subira. Tunayoyaandika hapa juu ya ufundi ni mengi yake. Hukumu ni yetu.

Jambo moja halikungoja gazeti kutoka. Mama alitaja kwa kupita tu kwamba masalia ya ndege ameyafunga katika shuka na kuyaweka juu ya kabati la nguo, “pamoja na betri yake”. Siku hiyo hiyo tulimpelekea ujumbe aitoe. Betri za ndege hizi ni za lithiamu, laini kama pakiti ya maziwa, hazina ganda gumu la kuzikinga. Ikipata kishindo, yaweza kuonekana nzima, kisha ikavimba na kushika moto baada ya saa kadhaa au siku kadhaa, na moto wake hauna simile. Betri iliyoanguka huwekwa nje, juu ya mchanga, mbali na makuti na mbali na watoto, ikatazamwa. Ikivimba, au ikitoa harufu tamu kama ya rangi ya kucha, haichajiwi tena kamwe. Alhamdulillahi, mama alitii kabla ya kuuliza sababu. Tunalisema kwa wote kwa kuwa tunajua ni nyumba ngapi pwani hii ambamo betri za namna hii huchajiwa usiku juu ya godoro, chini ya chandarua, watu wamelala.

Baada ya hapo tulimrudishia maswali matatu. Ilikuwa saa ngapi? Upepo ulikuwaje? Walikuwapo kina nani?

Tuliuliza hivyo kwa sababu mtaalamu wetu mdogo alikataa katakata kutaja ndege yoyote kabla ya kujua ya kwanza ilianguka kwa nini. Alisema, na maneno haya tumeyapenda, kwamba mwenye kununua ndege ya pili bila kujua kisa cha ya kwanza amenunua anguko la pili, na safari hii kwa bei kubwa zaidi. Kijana alikuwa amekwisha kutoa kisa chake: rimoti ilikata mawasiliano, ndege ikawa haisikii. Baba alilipokea neno hilo bila kusema kitu. Mjomba alilipokea vizuri zaidi, akaanza kutafuta bei ya rimoti mpya kule Maskati.

Jibu la mama lilichukua siku tisa. Lilipokuja lilikuwa refu kuliko barua ya kwanza.

Ana binti wa miaka 12, ambaye tangu siku ya kwanza alijipa kazi ya kumwandikia kaka yake kila anaporusha: tarehe, saa, upepo, dakika ngapi hewani, na lililotokea. Hakuna aliyemwagiza. Mama alilifungua daftari hilo akitafuta jibu la maswali yetu, akaufikia mstari wa siku ile. Binti ameandika: saa kumi na nusu jioni, upepo mwingi, Mama amemwita.

“Nilipoyasoma maneno mawili ya mwisho niliketi,” ameandika. Akayakumbuka yote. Siku ile wifi yake na wanawe walikuwa wamekuja kutoka Lamu. Mjomba alikuwa kwenye simu ya picha, anataka kuiona zawadi yake ikiruka. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwita kijana: njoo uwaonyeshe wageni. Kijana alisema, “Mama, upepo.” Naye akamwambia, mara moja tu, mjomba wako anangoja. Dakika nne baadaye ndege ilikuwa chini, hatua sita kutoka alipokuwa amesimama mtoto wa wifi, wa miaka mitatu.

Kijana hakumtaja mamake kwa yeyote. Alisema ni rimoti.

Tumeisoma sehemu hiyo mara nyingi, na tulimwomba mama ruhusa kabla ya kuichapisha. Ametupa, kwa sharti kwamba tuandike pia kuwa amekwisha kumwambia mumewe ukweli wote, mbele ya kijana. Baba, anasema, alinyamaza kitambo, kisha akauliza mtoto wa dada yake alikuwa amesimama wapi hasa. Hapo ndipo mama alipofahamu kwamba marufuku ya baba haikuwa juu ya fedha wala juu ya mchezo. Alikuwa ameziona hatua zile sita, akashindwa kuzisema mbele ya wageni.

Basi twende kwenye ndege, maana sasa tuna la kuzungumza.

Kwa maelezo ya daftari, na kwa aliyoyaeleza binti alipoulizwa, mambo yalikwenda hivi. Kusi la Julai lilikuwa likivuma kutoka kusini uwanjani, na ndege nyepesi ya mwanafunzi haina nguvu ya kushindana nalo. Kijana aliipaisha, upepo ukaisukuma mbali upande wa minazi. Alipoigeuza irudi, ikawa inamwelekea uso kwa uso. Ndege ikija usoni pako, kulia kwake ni kushoto kwako. Mkono uliozoea kuiona kwa nyuma hukosea. Bawa la upande mmoja liliinama, akasukuma kijiti upande usiofaa, likainama zaidi. Akaogopa, akavuta pua juu. Ndege iliyoinama na kuvutwa hivyo huishiwa mwendo, na ikiishiwa mwendo hewa haiwezi tena kuyabeba mabawa. Huanguka kama embe. Rimoti ilikuwa nzima tangu mwanzo. Lau mjomba angaliileta mpya, ingaliirusha ndege ya pili hadi mahali pale pale.

Katika historia yetu kuna mtu aliyepata ajali iliyoelezwa vizuri. Abbas ibn Firnas wa Qurtuba, katika Andalusi ya karne ya 9, alijivika manyoya na mabawa akajaribu kuruka. Al-Maqqari, aliyeandika katika karne ya 17, anasimulia kwamba aliruka masafa kisha akaumia mgongo wakati wa kutua, kwa kuwa alijifanyia mabawa akasahau kwamba ndege hutua kwa msaada wa mkia. Wengi humtaja Ibn Firnas kwa kule kuruka. Sisi hutuvutia zaidi kwamba watu waliomwandika hawakusema tu ameanguka. Walisema alikosa mkia. Anguko lenye sababu lina faida kuliko mruko usio na sababu.

Sasa, Spitfire. Tunafahamu kwa nini kijana anaitaka. Ni ndege nzuri kwa umbo, mabawa yake ya mviringo wa yai yana haiba, na mwenye kuishika mkononi huonekana ni mrubani. Walakini kuna hesabu ambayo kila mama mwenye kununua ndege hizi aijue, na haihitaji zaidi ya futi ya fundi cherehani na mizani ya jikoni. Pima urefu wa mabawa, zidisha kwa upana wake wa wastani, upate ukubwa wa bawa. Kisha gawanya uzito wa ndege juu yake. Ndege ya kijana ilikuwa sentimita 120 kwa 20, yaani sentimita mraba 2,400, na uzito wake gramu 960 pamoja na betri. Kila kipande cha bawa cha sentimita 10 kwa 10, ukubwa wa leso ndogo iliyokunjwa, kilikuwa kinabeba gramu 40. Chukua sasa ndege ndogo ya kivita ya sentimita 90 kwa wastani wa 15, yenye gramu 810. Ni nyepesi mkononi kuliko ile ya kwanza, na muuzaji atakwambia hivyo. Lakini bawa lake ni sentimita mraba 1,350 tu, na kila leso inabeba gramu 60.

Wenye vyombo wataelewa upesi: ni jahazi lenye shehena kubwa na tanga dogo. Ili isianguke, ndege kama hiyo lazima iende kasi. Ndege ya gramu 60 kwa leso haiwezi kupunguza mwendo kama ile ya 40. Kasi yake ya chini kabisa, kabla ya kuanguka, iko juu kwa karibu moja ya tano. Hutua kwa haraka, huja usoni kwa haraka, na makosa yale yale ya mkono yaliyomshinda kijana kwa ndege ya polepole yatakuwa yamekwisha kutendeka kabla hajayatambua. Tena mabawa yanayochongoka kuelekea ncha yana tabia ya kukosa hewa nchani kwanza, bawa moja likatangulia kudondoka, na ndege ikapinduka ghafla. Kwa hiyo jibu letu kwa Spitfire ni hapana kwa mwaka huu. Tumelisema kwa upole, na hatujasema kamwe.

Ndege za mfano wa jeti, zenye kipepeo kilichofichwa tumboni, ni hapana yenye sauti kubwa zaidi. Na kile chombo cha mabawa manne ya kuzunguka kinachopiga picha harusini ni mchezo mwingine kabisa. Kinajisimamia chenyewe hewani, na mwenye kukijua hajajifunza kurusha ndege.

Ndege inayofaa ni ipi, basi? Ya kwanza katika orodha yetu ni ile ile iliyo juu ya kabati.

Mama alishangaa tulipomwambia. Alidhani imekwisha. Tuliomba picha, zikaja: pua imekatika, panga boi limevunjika, mhimili wa mota umepinda, mkia una ufa, lakini mabawa yote mawili ni mazima. Ndege hizi hutengenezwa kwa povu gumu, jamaa wa lile jeupe linalojazwa katika maboksi ya televisheni, ila imara zaidi. Pua iliyokatika hurudishwa kwa gundi ya kuchanganya ya mirija miwili, ikashikizwa kwa utepe hadi asubuhi. Palipobonyea pakimwagiwa maji ya moto hufura na kurudi karibu na umbo lake. Kijana alidhani tunamtania mpaka alipojaribu. Achunge tu supagluu ya dukani, maana baadhi ya mapovu huyayushwa nayo, na ajaribu kwanza mahali pasipoonekana. Panga boi lisigundishwe kamwe. Likipata hata ufa mdogo hutupwa, kwa kuwa huzunguka maelfu ya mara kwa dakika na kipande kikitoka kinaweza kumtoboa mtu jicho. Mhimili wa mota, na panga boi mbili au tatu za akiba, ndivyo mjomba avitume sasa. Vyote vinaingia katika bahasha.

Baada ya matengenezo kuna jambo moja wengi hulisahau. Gundi ina uzito, na uzito uliohama hubadilisha tabia ya ndege. Ishikwe kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, karibu robo hadi theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Kwa bawa la sentimita 20, ni kati ya sentimita 5 na 6 na nusu. Betri iwe mahali pake. Ndege ikae sawa, au iinamishe pua kidogo. Ikiangusha mkia, isirushwe hata kidogo mpaka betri isogezwe mbele.

Kisha tunataka kuona katika daftari la binti miruko kumi safi: kupaa, kuzunguka pande zote mbili, kuja usoni, na kutua panapokusudiwa. Kwa ule ugonjwa wa mikono kugeuka kuna dawa rahisi. Ndege ikikujia, sukuma kijiti upande wa lile bawa lililo chini, kana kwamba unaliegemeza lisianguke. Ajizoeze kwanza katika programu ya mazoezi kwenye kompyuta, ambako ndege ikivunjika hubonyezwa kitufe ikawa nzima. Rimoti nyingi huunganishwa kwa waya na kompyuta, na mikono hujifunza pale pale. Saa kumi za programu hazina gharama ila umeme, na hapa hatuoni sababu ya binti kuachiwa daftari peke yake. Aliyeona kwa jicho lake mkono wa kaka ulipokwenda upande usiofaa ana nusu ya elimu tayari.

Kumi zikitimia, ndipo tuzungumze kununua. Tungemshauri mjomba atafute ndege nyingine ya mabawa ya juu, yaani bawa limekaa mgongoni mwa ndege, lakini kubwa kidogo, ya sentimita 140 hadi 150, na yenye vibawa vinavyopanda na kushuka kwenye kingo za nyuma za mabawa. Ile ya kwanza iligeuzwa kwa usukani wa mkia peke yake. Hii itamfundisha kuinamisha mabawa kwa mkono wake, na hiyo ndiyo elimu ambayo kila ndege ya mbele, hata Spitfire, itamdai. Ukubwa nao ni rehema: ndege kubwa huonekana vizuri ikiwa mbali, na haitupwi na upepo kama ndogo. Mfano mmoja unaojulikana ni Apprentice ya kampuni ya HobbyZone, yenye bawa la mita moja na nusu. Ziko nyingine za aina hiyo, na jina la kampuni si muhimu kuliko lile bawa na hesabu ya leso. Wako wanaopendelea zile za panga boi la kusukuma, lililowekwa juu nyuma ya bawa, kama EasyStar ya Multiplex ya Ujerumani. Nasi tunaona sababu yao, kwa kuwa pua ikigonga chini hakuna mota ya kupinda, na panga boi liko mbali na vidole. Kwa nyumba yenye wageni wadogo, huenda sisi tungechagua hiyo.

Baadhi ya ndege mpya zina kifaa cha ndani kinachoinyoosha ndege pindi rubani anapoachia vijiti. Kijana amesema hataki, ni cha watoto. Akitumie. Katika nusu ya miruko ya kwanza kiwe wazi, kisha akizime siku ya utulivu, juu, na akumbuke kitufe kilipo.

Mjomba naye ana lake la kuangalia. Rimoti za makampuni mbalimbali hazisemi lugha moja, na ndege iliyouzwa bila rimoti huenda isiisikie ile iliyopo Mambrui. Apige picha ya nyuma ya rimoti aipeleke dukani. Achague ndege ambayo bawa lake hugawanyika katikati, kwa ajili ya sanduku la safari na kwa ajili ya matatu. Betri asiziweke katika mzigo wa chini ya ndege ya abiria. Betri za akiba za lithiamu husafirishwa katika mkoba wa mkononi, ncha zake zimefungwa utepe zisigusane. Za ukubwa huu, zenye chembe tatu na mAh 2,200, zina nguvu ya saa-wati 24 tu, ambazo ziko chini mno ya kiwango cha 100 kinachoruhusiwa kwa abiria, lakini ataulizwa, na ni vyema ajue la kujibu. Na kabla hajalipa hata riyali moja, baba wa kijana aiandikie Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, aeleze uzito wa ndege na uwanja itakaporushwa, aulize kinachohitajika. Nchi yetu ina kanuni za vyombo vya anga visivyo na rubani tangu mwaka 2020, na kitu chenye mabawa na rimoti kinaweza kuzuiwa forodhani ikiwa hakuna karatasi. Wasomaji wetu wa Changamwe, Magongo na Port Reitz, walio chini ya njia ya ndege kubwa, hili wasilifikirie kabisa nyumbani kwao.

Imebaki saa na mahali, na hapa hatutaki kujadiliana. Kusi likiwa na nguvu zake, ndege nyepesi hurushwa alfajiri ikishapambazuka, wakati umande ungali unatoka bara na upepo wa bahari haujaamka. Ikifika saa mbili na nusu asubuhi, mambo huwa yamekwisha. Jioni ni za tanga mbili, si za Julai. Kipimo tulichompa mama ni kanga yake kwenye kamba ya nguo. Ikining'inia, kijana aende uwanjani. Ikinyanyuka na kurudi, afikiri. Ikinyanyuka ikabaki juu, ndege ikae ndani, hata akija mjomba mwenyewe kwa miguu yake kutoka Maskati.

Watazamaji wote wasimame nyuma ya rubani, wala si mbele na si pembeni, na watoto wadogo washikwe mkono na mtu mzima ambaye hana simu mkononi. Ndege ikienda kilomita 50 kwa saa hupita mita 14 kwa sekunde moja. Zile hatua sita zilikuwa chini ya nusu sekunde.

Hilo la mwisho tulimpelekea baba moja kwa moja, kwa kuwa ndilo alilokuwa nalo moyoni. Mama anatuandikia kwamba baba alikwenda uwanjani na kamba na vigingi vinne, akapima mahali pa kusimama watu, hakusema neno juu ya marufuku. Kijana anagundisha pua. Juma lililopita bado hakuwa amemwambia mjomba kwamba rimoti ni nzima. Amesema atamwambia mwenyewe, na mamake hakumharakisha.

Mwisho wa barua ameongeza swali ambalo hatukulitarajia. Jioni binti akiwa na programu ya mazoezi, naye amejaribu mara mbili, na mara zote mbili ameiangusha baharini. Anauliza kama miaka 43 ni mingi mno kuanza. Si mingi. Aanze na kuzunguka kushoto, juu sana, na asikubali kuitwa na wageni.